Mashine ya Kupandia Bila Kulima, na Chakula cha Popo

Nawasalimu nyote, wa Konde na Makangale, wa Wete na Ole, wa Chake, wa Mkoani na Kengeja. Na nyie wa visiwa vidogo, Kojani, Fundo, Kisiwa Panza, hatujakusahauni. Kama uko kondeni na redio umeitundika kwenye tawi la mwembe, weka jembe chini ukae kidogo. Leo jembe lenyewe ndilo tutakalolisengenya, nalo lipo linasikia.

Nianze na kilichonileta. Juzi, tumetoka kusali alasiri, kijana mmoja alinisimamisha njiani akatoa simu yake. "Maalim, hebu itazame hii." Nikavaa miwani, nikaitazama. Trekta kubwa linavuta mashine pana kama kitanda, juu ina sanduku refu, chini imening'iniza mirija na visahani vya chuma vimepangana kama meno. Nyuma yake hakuna tuta wala mfereji wa maana. Nyasi zimelala tu, kama zimepitiwa na kitana.

"Hii ya Marekani, Maalim. Inapanda bila kulima."

Nikamuuliza, inapanda nini? Akanambia wenyewe huko wanawapandia wanyama. Wana kulungu wao, wale wenye pembe za matawi, basi mtu mwenye shamba karibu na msitu hutenga kipande, akapanda malisho na nafaka, kulungu wakaja kula. Wengine huwapandia ili wawawinde, wengine ili wawatazame tu. Kijana akamalizia: "Na sie tuna popo wetu na paa wa msitu wa Ngezi. Tumeungana wenzangu kadhaa, tunataka tuwapandie. Tununue mashine ipi?"

Nilicheka kwanza. Halafu nikanyamaza, kwa sababu swali lile lina akili kuliko nilivyodhani. Nikamwambia, kijana wangu, hili sikujibu hapa njiani. Nitalijibu redioni, wakusikie na wenzako. Kwa hiyo leo, wasikilizaji, nalipa deni.

Tuanze na mashine yenyewe. Ukiitazama kwenye picha inatisha, lakini kazi zake ni nne tu. Nazitaja, na nitazirudia mpaka mnichoke. Inakata. Inafungua. Inadondosha. Inafunika. Kisahani cha mbele kinakata majani makavu yaliyotandaa juu ya ardhi. Kinachofuata kinafungua ufa mwembamba kwenye udongo, chini ya majani hayo. Mbegu zinadondoka kwa mrija, kwa hesabu. Nyuma kuna gurudumu dogo linalofunika na kushindilia. Kukata, kufungua, kudondosha, kufunika. Ardhi nyengine yote, kati ya mstari na mstari, haiguswi.

Na kwa nini isiguswe? Hapa sote tuna ushahidi miguuni mwetu. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde; ukishuka hapa unapanda pale. Mvua ya masika ikipiga mgongo wa kilima kilicholimwa jana, maji yanayoshuka bondeni yana rangi gani? Rangi ya chai ya maziwa. Sasa nenda kwenye shamba la karafuu ambalo chini yake kuna majani yaliyooza, mvua ile ile, siku ile ile. Maji yanatoka polepole, karibu meupe. Ile chai ya maziwa ndiyo rutuba yako, inakwenda mikokoni na baharini, na hairudi na boti ya kesho.

Kupanda bila kulima si jambo la jana. Huko Kentucky, Marekani, mkulima anayeitwa Harry Young alipanda shamba lake bila kulima mwaka 1962, majirani wakamtazama kama aliyerukwa na akili. Miaka kumi baadaye, 1972, Mbrazili mmoja wa jimbo la Paraná, Herbert Bartz, aliyechoka kuona mvua inachukua shamba lake, alikwenda hadi kwa Young kujionea, kisha akaagiza mashine. Brazili ikalishika jambo hilo kwa mikono miwili. Kwa mikono miwili kweli, maana wakulima wadogo wa huko, wasio na trekta, walikuwa na kidude chao cha mkono cha kupandia, wakakiingiza humo humo. Kidude hicho ndicho kilichofika kwetu Tanzania Bara, kule Karatu na Arumeru na Babati, miaka ya 2000, wakulima walipokuwa wakifundishwa kilimo hifadhi kwenye mashamba darasa. Kikumbukeni, nitarudi kwacho.

Kabla sijarudi, nina neno kuhusu mashine kubwa. Wazee wanaokumbuka, au waliosimuliwa, wanajua habari ya Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walikwenda Kongwa kulima karanga, wakitaka mafuta ya kula kwao baada ya vita. Walikuja na matrekta ya kila namna, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ukakauka ukawa kama sakafu ya saruji. Karanga zikawa humo ndani, hazing'oki. Mwaka 1951 wakafunga virago. Walileta mashine kwanza, udongo wakauuliza baadaye.

Sisi tusiuulize udongo baadaye. Na tusiiulize mbegu baadaye. Hilo ndilo jibu langu kwa yule kijana, na kama una haraka unaweza kuizima redio hapa. Anza na mbegu. Kisha udongo. Mashine iwe ya mwisho. Lakini usiizime, kuna visa.

Mbegu gani, basi? Umesema unataka kumpandia popo. Vizuri. Popo wa Pemba hayupo pahala pengine duniani ila hapa. Wageni wanapanda ndege na boti kuja kumtazama Kidike, na ukifika pale mchana utawaona wamening'inia kwa mamia, wamejikunja ndani ya mbawa nyeusi, kifua chekundu, wanagombana kwa kelele kama wachuuzi sokoni. Akizitandaza, mbawa zake zinapita mita moja na nusu. Na tuseme ukweli: tulikaribia kummaliza. Aliwindwa kwa bunduki na nyavu, miti aliyolala ilikatwa, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki elfu chache tu kisiwa kizima. Watu wa vijiji wenyewe, pamoja na idara ya misitu na wahifadhi kutoka nje, ndio waliounda vikundi vya kuwalinda miaka ya 1990, na hesabu za miaka ya 2000 zikapita popo 20,000. Hiyo ni kazi ya Wapemba, na sijui kwa nini hatujisifu nayo zaidi.

Sasa popo anakula nini? Embe. Shelisheli. Makuyu. Matunda ya msituni. Na maua pia, kwa ajili ya utamu uliomo.

Basi chukua kokwa la embe, msikilizaji, liweke kwenye kiganja. Haya, nambie, mrija wa mashine gani utapitisha kitu hicho? Na shelisheli ndiyo kabisa: hii yetu ya kula haina mbegu. Unachimbua chipukizi lililoota kwenye mzizi wa mti mkubwa, unakwenda kulipanda. Na kuyu ina mbegu ndogo kuliko punje ya mchanga, nayo hupenda kuota juu ya mti mwengine au kwenye ukuta wa nyumba bovu. Kwa hiyo chakula cha popo hakiingii kwenye sanduku la mashine ile. Hakiingii, na hata ukikisukuma hakiingii.

Tena, mkitaka mjue, popo mwenyewe ni mashine ya kupandia bila kulima. Anachuma tunda hapa, analibeba, anakwenda kulila kwenye mti mwengine mbali. Anafyonza maji, anatema makapi, kokwa linaanguka. Mbegu ndogo za kuyu anazimeza na kuzitoa njiani usiku huo huo akiwa hewani. Mivule mingapi mnadhani imepandwa na mtu? Anadondosha, ndiyo kazi yake. Kukata, kufungua na kufunika hakujui. Majani yakioza na mvua ikinyesha, ardhi inamalizia.

"Maalim, na paa?" Paa wetu ni mdogo kuliko mbuzi, mwoga, anaokota matunda yaliyoanguka na majani. Na ninga wa Pemba, yule njiwa wa kijani, naye hana haja na nafaka yako, anafuata makuyu. Wanyama wetu hawa ni watu wa miti. Hawakuzoea kuandaliwa bustani ya majani.

Lakini yuko mmoja atakayefurahi sana ukipanda kunde na mahindi kando ya msitu. Mnamjua. Wa Makangale na Tondooni wanamjua zaidi. Tumbili! Ukimpandia karamu pembeni mwa Ngezi, atakula karamu, kisha atashukuru, kisha ataingia kwenye muhogo wa jirani yako. Na jirani atakayekaa kwenye dungu akiamia shamba lake kuanzia alfajiri hatakushukuru wewe na mashine yako. Kule Jozani, Unguja, wakulima na kima punju waligombana miaka mingi mpaka ulipowekwa utaratibu wa wanakijiji kupata sehemu ya fedha za watalii. Tusianzishe ugomvi ambao wenzetu wamehangaika kuupoza. Na jengine, ndani ya msitu wenyewe wa hifadhi huruhusiwi kulima wala kupanda kwa hiari yako; ipo Sheria Namba 10 ya 1996 ya misitu ya Zanzibar. Kwanza uende kwa sheha na kwa watu wa misitu, ndipo uende dukani.

Hapo yule kijana, kama anasikiliza, ameshakata tamaa. Usikate, mwanangu. Kipo kipande ambapo kupanda bila kulima kunatufaa sana.

Fikirini hivi. Una ardhi ya mgongo wa kilima, imechoka, zamani ilikuwa na mikarafuu iliyokufa, sasa nyasi tupu. Unataka iwe na miembe, mishelisheli, mikungu, mivule, ili miaka ijayo popo apate chakula, na wewe upate embe na kivuli na mbao. Miche unaipata kwenye kitalu au unaikuza mwenyewe. Unaipanda kwa kuacha nafasi kubwa, hatua kumi na zaidi. Je, kati ya mche na mche, kwa miaka mitatu minne ya mwanzo, kunakaa nini? Ukiacha tupu, ndago na nyasi zinakula miche yako. Ukilima kila msimu, mvua inabeba udongo na jembe linakata mizizi. Hapo ndipo unapopanda kunde, choroko, fiwi, mbaazi. Zinafunika ardhi, zinazuia magugu, zinatia rutuba, na mboga unapata. Na hapo, ndugu zangu, kwenye kipande hicho, ndipo unapotaka zana ya kupandia bila kulima. Ni chakula cha watu kinacholea chakula cha popo.

Haya, tumeipata mbegu: kunde, choroko, fiwi, mbaazi. Tumeipata ardhi: kilima, miche katikati, visiki, njia ya miguu. Sasa ndiyo tunaiita mashine.

Ile ya kwenye picha? Haiwezi. Si kwa ubaya. Uzito wake ni wa makusudi, maana kisahani kisipolemewa hakikati. Hukunja majani makavu na kuyabana ndani ya ufa pamoja na mbegu, mbegu ikalala kwenye godoro la nyasi bila kugusa udongo, ikafa. Kwa hiyo lazima iwe nzito, na kwa sababu ni nzito inataka trekta lenye nguvu, na trekta linataka uwanda. Wewe una kilima na visiki. Na siku beringi moja ikivunjika, utaingoja ivuke bahari, nayo mashine inalala ndani ya kibanda, kuku wanatagia.

Ya kukokotwa na ng'ombe ipo, na ng'ombe tunao. Kisiwa hiki kimejaa magari ya ng'ombe. Kwa mwenye shamba refu lililonyooka naisifu. Kati ya miche yako, ng'ombe atakunja shingo kula mche mmoja wa mwembe, na jioni mtanuniana. Ya pawatila nayo ni ya mabondeni. Naipita.

Inabaki ile ya mkono. Kipandio cha mkono, kile cha Wabrazili nilichokwambieni mkikumbuke.

Kikoje? Ni mbao mbili ndefu, au mabomba mawili, yameunganishwa karibu na chini. Juu kuna mikono miwili ya kushika. Chini kuna mdomo wa chuma kama wa ndege. Ubavuni kuna kikopo cha mbegu. Vyengine vina vikopo viwili, cha pili ni cha mbolea. Ukiipanua mikono, mdomo unafumba. Unakichoma ardhini kimefumba. Ukiikutanisha mikono, mdomo unafumbuka chini humo humo na mbegu zinadondoka. Unakinyanyua. Kikishatoka juu kabisa, ndipo unaipanua mikono tena. Mdomo unafumba, na kijisahani cha ndani kinasogea kuchota mbegu nyengine. Choma, kutanisha, nyanyua, panua. Mtu mzima anakwenda nacho amesimama wima, mgongo haujui habari.

Mnaona zile kazi nne? Mdomo unapita kati ya majani badala ya kuyakata. Unafungua. Unadondosha. Na kufunika? Kufunika ni kisigino chako. Usikisahau kisigino, shimo lisilokanyagwa ni karamu ya kunguru na kuku wa jirani.

Nimesema "kikishatoka juu kabisa", na nimesema kwa sababu yaliyonikuta. Mwaka mmoja niliazimwa kipandio, sisemi na nani. Nikakipeleka kwenye kipande changu cha kinamo, ule udongo mweusi unaonata, siku moja baada ya mvua kubwa. Mwenyewe najiona fundi. Nilikuwa naipanua mikono mapema, kabla mdomo haujatoka, ukawa unafumba ndani ya tope na kulitafuna. Mistari mitatu nimekwenda, napiga, nasikia kale kasauti ka kijisahani, ta, ta, ta, nafurahi. Siku ya saba nakwenda kutazama: kwenye mstari wa kwanza kunde kumi hivi, wa pili tatu, wa tatu hakuna kitu. Nikakigeuza kipandio juu chini. Mdomo umejaa tope limekauka kama kizibo, na nyuma ya kizibo kunde zangu zimevimba, nyengine zimeshaota humo humo kwenye bomba, vijani vimepauka. Mke wangu akaniuliza kama nimeanzisha kitalu kipya.

Kwa hiyo udongo, wasikilizaji. Kwenye kichanga na kwenye kinongo, ule mwekundu unaovunjika mkononi, kipandio kinakwenda vizuri. Kwenye kinamo subiri. Finyanga tonge la udongo, lidondoshe kutoka usawa wa kiuno. Likivunjika, panda. Likianguka likabaki tonge, rudi nyumbani ukanywe kahawa.

Na tukifika kwenye kuchagua, maana viko vya namna nyingi, vya Brazili na vilivyotengenezwa huku huku Afrika Mashariki, vya mbao na vya chuma, mimi natazama vitu vichache tu, na cha kwanza kinapita vyote. Natazama kijisahani cha mbegu. Kunde si sawa na choroko, na mbaazi si sawa na mahindi. Kama tundu la kijisahani ni la mahindi tu, choroko zitamwagika sita, saba kwa shimo moja, na kibaba chako kitaisha hujafika nusu ya kilima. Uliza kama vinakuja vijisahani vya akiba, au kama tundu linarekebishwa. Kisha jaribu. Jaribu vipi? Tandika jamvi, hilo hilo la kuanikia karafuu. Tia mbegu yako mwenyewe, si ya muuzaji. Simama juu ya jamvi, piga hewani mara 20, na kila pigo hesabu zilizoanguka. Unataka mbili, au tatu. Ukiona mapigo mengi yametoa patupu, au moja limemwaga konzi, kirekebishwe au kirudi rafuni. Mara 20, narudia, juu ya jamvi, kwa mbegu yako.

Mengine ni ya macho na mkono. Mdomo uwe wa chuma kigumu na unafumba sawasawa, usione mwanga katikati. Pini ya pale kwenye maungio iwe ya kawaida, ambayo fundi wa baiskeli wa Chake anaweza kuibadilisha. Uzito ujaribu kwa kukinyanyua mara hamsini; na kama atakayekitumia ni mkeo au mama yako, anyanyue yeye, si wewe. Hapo wanaume wengi huharibu. Wananunua wao, wanafanyia kazi wengine.

Upandaji wenyewe, haraka haraka. Fyeka nyasi, uziache zilale pale pale, usichome. Vuta kamba. Kunde, mstari hadi mstari nusu mita, shimo hadi shimo shubiri moja, kina vidole viwili. Mbaazi zinataka nafasi zaidi, maana ni mti. Kisigino.

Najua kuna anayenungunika: "Maalim, bila jembe, magugu je?" Ni swali la haki, na sitakudanganya. Msimu wa kwanza magugu yatakuonea. Ndago haiogopi fyekeo. Utang'oa kwa mkono, utaongeza matandazo, utaongeza tena. Msimu wa pili afadhali, fiwi ikishatanda inazima mengi. Wapo watakaokuuzia dawa ya kuulia magugu wakuambie ndiyo njia ya kisasa. Huko kwenye mashamba makubwa wanaitumia, ni kweli. Mimi, kwa kilima kilicho juu ya kisima cha kijiji, siitaki. Hayo ni maoni yangu, na mwenye yake ayalete.

Na matatizo hayaishi kwenye magugu. Ng'ombe wa jirani aliyefungwa kwa kamba ndefu atayaona majani yako makavu kuwa ni chakula chake cha kiangazi. Zungumza na jirani kabla. Mgawieni ng'ombe kando moja, kando nyengine ibaki ardhini. Nimeona mradi mzuri ukafa kwa ng'ombe mmoja.

Sasa nina neno la wazee, maana nawasikia wanacheka barazani. Wanasema, Maalim, hicho kipandio unachokisifu si ndiyo muo? Hewala, ndiyo muo. Bibi yangu alikuwa na muo wake wa mti mgumu, umechongwa ncha na kukaushwa motoni, umekuwa mweusi na laini pale aliposhika. Alikuwa anatangulia anatoboa, na mimi mtoto nyuma na kibaba cha kunde kwenye kifuu, natia mbili, nakanyaga, natia mbili, nakanyaga. Hakulima. Alifyeka, akaacha, akatoboa. Nikitia tatu alikuwa anajua bila kugeuka, sijui alijuaje.

Kwa hiyo kama fedha ya kipandio hamna, na nyie ni kikundi cha vijana kumi, chongeni miuo mitano. Watano wanatoboa, watano wanatia. Kwa kinamo muo ni bora kuliko kipandio, hauna mdomo wa kuziba. Kwa kokwa la embe na kwa chipukizi la shelisheli mtachukua mtaimbo na jembe, mchimbe shimo pana, hilo halina mkato. Kipandio kimoja kitawafaa kwa vipande vikubwa, na mnaweza kukigawana shehia nzima, kwa zamu, kama mnavyogawana sufuria za harusi.

Mkitaka ushauri wa karibu zaidi, watu wa kilimo wapo Weni, Wete, na bwana shamba au bibi shamba wa eneo lenu anajulikana. Muulizeni pia mbegu ipi ya kunde inafaa vuli, ambayo ni Oktoba hadi Disemba, maana kunde za vuli zikipandwa mapema mnazivuna kabla ya kaskazi kukaza, na majani yake yanabaki kulinda miche. Miche yenyewe ya miti ngojeni masika, Machi hadi Mei, mvua ikishashika.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananitazama. Kijana wangu wa alasiri, jibu lako ni kipandio cha mkono, kimoja, na miuo. Ukienda kukinunua, nenda na jamvi chini ya kwapa na kibaba cha kunde zako mwenyewe. Mwambie muuzaji unataka kupiga mara 20. Akikataa, ondoka.